Niletee Mbuzi: shajara ya kitabu cha picha cha kurasa 32

Kitabu kinatokana na kisa ambacho nyumba nyingi za pwani zina toleo lake: mtoto anatumwa mbuzi jikoni, yaani chombo cha kukunia nazi, naye anakwenda bandani kumfungua kamba mbuzi mnyama. Kazi inafanywa na watu watatu, yaani mwandishi, mchoraji na msanifu wa kurasa. Yaliyoandikwa hapa yanaanzia kukusanya kumbukumbu na yanafika kwenye prufu ya kwanza, yaani chapa ya majaribio.

Wiki ya 1: kadi

Ukimwambia mtu mzima "hebu tusimulie utoto wako," atakupa mawaidha. Zamani watoto walikuwa na adabu, zamani vyakula vilikuwa na ladha. Hakuna cha kuchora hapo. Kwa hiyo maswali yalibadilishwa yakawa matano, yote ya vitu: Kitu gani kiliwekwa juu usikifikie? Sauti gani ilikuamsha? Neno gani ulilielewa visivyo? Ulitumwa nini, ukaleta nini? Wakubwa walipokuwa wanapika, wewe ulikaa wapi?

Kila jibu liliandikwa kwenye kadi yenye ukubwa wa robo ya karatasi ya A4, kwa mistari minne: kitu, sauti, kimo, na mtoto alitaka nini. Kadi isiyo na mstari wa nne iliwekwa kando hata kama ni tamu namna gani. Harufu ya karafuu juani, mvua kwenye mabati, taa ya chemni usiku, zote zilikwenda kando. Hizo ni mandhari. Mtu mzima anazililia, mtoto wa miaka mitano anafunua ukurasa unaofuata. Kosa kubwa la vitabu vinavyotokana na utoto wa mwandishi ni hilo: vinamtumbuiza aliyekua, wala si anayekua.

Zilizobaki mezani zilikuwa nne: gari la waya lenye matairi ya kandambili, kishada kilichonasa mnazini, mchezo wa kibe (kujificha na kutafutana), na mbuzi. Mbuzi ilishinda kwa sababu kisa chake kimo ndani ya neno lenyewe. Gari la waya unaweza kulisimulia kwa lugha yoyote duniani, lakini mtoto aliyechanganya mbuzi na mbuzi ni wa Kiswahili.

Wiki ya 2: kupima jikoni

Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa sentimita 110 hivi, kwa hiyo macho yake yako kwenye mita moja. Kamera ya simu ilifungwa kwenye fimbo kwa kimo hicho, ikazungushwa kwenye jiko la uani lenye mafiga matatu. Picha zilizotoka hazikufanana na jiko analoliona mpishi. Sufuria inaonekana tumbo lake jeusi la masizi, na ndani yake huoni kitu. Mtu mzima anaanza na magoti na pindo la kanga, uso uko mbali, na kidevu ndicho kinachotangulia. Mlango una uwazi chini, na kupitia hapo kwato zinaonekana kabla ya mnyama.

Mtoto akikaa juu ya mbuzi ya nazi, macho yanashuka hadi sentimita 65 au 70. Ndicho kimo cha picha zote za mwisho wa kitabu.

Mbuzi yenyewe ilichorwa mara nyingi kabla ya kukubalika, maana mchoraji alianza na picha za intaneti na akatoa kigoda chenye kisu. Ile inayokunjwa ni mbao mbili zilizopishana kama marufaa ya kuwekea msahafu. Ubao mmoja ni mrefu, nao ndio kalio. Mbele yake kumetokeza chuma bapa, ncha imepanuka mviringo na kuzungukwa na meno madogo. Mkunaji hukaa ubavu au hupanda kama farasi, beseni likiwa chini ya meno. Nazi iliyopasuliwa nusu hushikwa kwa mikono miwili, ikasukumwa na kuzungushwa juu ya meno, kuanzia ukingoni kuingia ndani. Ukifika kwenye ngozi ya kahawia unasimama, la sivyo tui linakuwa na madoa. Mtoto wa pwani akikuta chuma kimechorwa nyuma ya mkunaji, kitabu kimekwisha kwake.

Wiki ya 3 hadi ya 5: maneno

Hapa ndipo muda ulipoliwa, na siyo kwa sababu ya urefu. Kitabu kizima hakifiki maneno 200.

Shida ni ngeli. Mbuzi mnyama yuko ngeli ya A-WA, mbuzi ya kukunia nazi iko I-ZI. Kiswahili hakikuachii utaje nomino bila kusema ni ya kundi gani, kila neno linaloifuata linachongea. "Mbuzi yuko nyuma ya mlango" ni mnyama, "mbuzi iko nyuma ya mlango" ni chombo. "Kamlete" ni mnyama, "kailete" ni chombo. "Mweupe" au "nyeupe", "huyu" au "hii", "wangu" au "yangu", kote siri inavuja. Katika rasimu ya kwanza Bibi anamwambia mjukuu wake aitwaye Tatu, "Kailete mbuzi yangu, Tatu," na mtoto yeyote anayezungumza Kiswahili nyumbani angejua mara moja Bibi anataka nini. Angemwona Tatu mjinga. Tatu asiwe mjinga, maneno ndiyo yawe na njia mbili za kweli.

Ikabidi kutafuta maneno yasiyoshika upatanisho. "Niletee mbuzi" inafaa, kwa kuwa kiambishi *ni* ni cha Bibi mwenyewe, si cha mbuzi. "Gani" haibadiliki kwa ngeli yoyote, ila Tatu akiuliza "mbuzi gani?" mkanganyiko unaisha hapohapo, kwa hiyo haulizi. Mahali pa kuitafuta palitajwa bila kitenzi kabisa:

"Tatu!"
"Abee, Bibi!"
"Niletee mbuzi. Nyuma ya mlango!"

Nyuma ya mlango, upande wa ndani, mbuzi ya nazi imeegemea ukuta. Nyuma ya mlango huohuo, upande wa nje, mbuzi amefungwa kamba. Bibi kasema kweli na Tatu katii kweli.

(Kwa wasomaji wa bara na miji ambako mazungumzo ya kila siku husema "iko" kwa kila kitu, siri isingevuja hata kwa sentensi mbovu. Lakini kitabu kitasomwa na walimu, na mwalimu hasamehe.)

Siri ikishafichuka, upatanisho unaachiwa wote kwa mpigo, ukurasa wa 24 na wa 25, mstari mmoja kila upande:

"Mbuzi hii inakuna."
"Mbuzi huyu anakula."

Hilo ni somo zima la ngeli, na halina maelezo. Mwandishi alitaka kuongeza sentensi ya tatu ya kufafanua. Ilikatwa.

Rasimu ya awali ilikuwa na maneno saba ya namna hii. *Kaa* lilitoka kwa usalama: mtoto aliyeambiwa "niletee kaa" analeta ama kaa wa baharini ama kaa la moto, na kitabu cha chekechea hakiwezi kuchora mtoto ameshika kaa la moto, hata kwa mzaha. *Paa* na *panda* yalitoka kwa sababu yanamtoa Tatu jikoni. *Ua* lilitoka bila mjadala. Hatimaye yakabaki mawili, *mbuzi* na *kuna*.

*Kuna* ndilo lililotuchenga. "Kuna nazi" ni amri ya kukuna, na ni taarifa kwamba nazi ipo. Bibi anasema "Kuna nazi," Tatu anajibu "Naiona, Bibi," na hafanyi kitu. Kwenye karatasi linafaa. Likiwekewa alama ya mshangao linakuwa amri tu, na jibu la Tatu linaonekana la utovu wa adabu. Kwa hiyo nukta. Na bado msomaji mzima, akisoma kwa sauti, anachagua maana moja bila kujua. Dawa ilipatikana kwenye picha: Bibi ameipa mgongo nazi, anapuliza moto, hamwangalii Tatu. Anayesoma akiona mgongo, sauti yake inatulia.

Palikuwa na pendekezo la kuweka maandishi ya lugha ya pili chini ya kila ukurasa, ili kitabu kiuzwe na nje. Limekataliwa. Katika lugha nyingine nyingi mbuzi na kikunio ni maneno mawili, basi Bibi anaonekana kuomba kikunio na mjukuu kuleta mnyama pasipo sababu.

Wiki ya 6: mgawo wa kurasa

Kurasa ni 32 kwa kuwa karatasi nane zikikunjwa katikati na kupigwa pini mgongoni zinatoa hesabu hiyo. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 hakimiliki, wa 3 tabaruku. Hadithi inaanza wa 4 na kuishia wa 31, ambayo ni mifunguo 14 (mfunguo ni kurasa mbili zinazotazamana). Wa 32 ni picha peke yake.

Kanuni moja tu ilisimamia mgawo: swali liwe kulia, jibu liwe nyuma yake. Kurasa za kulia ni witiri. "Niletee mbuzi. Nyuma ya mlango!" ilikuwa ukurasa wa 8, mnyama akiwa wa 9. Kwa mpangilio huo mtoto anamwona mbuzi kabla hajasomewa agizo, maana jicho halisubiri. Agizo lilisogezwa hadi 9, na mlango ukafunguliwa 10. Hatua hiyo moja ilihitaji mfunguo wa ziada mwanzoni, na ndipo ilipozaliwa picha ya Bibi anapasua nazi kwa mgongo wa panga huku maji yakikingwa kwenye bakuli.

Kijitabu cha majaribio kilitengenezwa kwa karatasi nane za A4 zilizokunjwa, michoro ya penseli, maneno yamebandikwa kwa gundi ya fimbo ili yahamishwe. Kilitengenezwa mara tano. Asiyetaka kukunja karatasi akatosheka na kutazama kwenye kioo cha kompyuta, kosa la ukurasa wa 8 hatalionea hapo, kwa sababu kompyuta haifunuliwi kwa kidole.

Umbo lilikuwa mraba wa sentimita 21. Msanifu akapiga hesabu: mfunguo una upana wa sentimita 42, ziada ya kukata ni milimita 3 kila upande, jumla 42.6. Karatasi ya A3 ina 42 kamili. Haiingii. Ama utafute karatasi kubwa ya sentimita 45 kwa 32, ama upunguze. Kitabu kikawa sentimita 20 kwa 20, mfunguo na ziada yake 40.6, kikalala ndani ya A3. Haya yangegunduliwa baada ya kuchora, picha zote 14 zingekatwa kingo.

Wiki ya 7 na ya 8: kusomewa watoto

Vikundi vya watoto sita hadi wanane, umri wa miaka minne hadi sita. Mmoja anasoma, mwingine anaandika mambo mawili tu: nani amecheka kabla ukurasa haujafunuliwa, na kidole cha mtoto kimegusa wapi.

Pwani kicheko kilikuja ukurasa wa 10, mlango unapofunguka, kama ilivyotarajiwa. Kwenye darasa la mjini ambako tui huja kwenye pakiti, watoto walicheka ukurasa wa 18, mbuzi anapoingia jikoni. Walicheka kwa sababu mbuzi jikoni ni kichekesho popote. Kosa la Tatu hawakuliona. Walipofika 24 mmoja akaonyesha mbuzi ya nazi akasema, "Hicho ni kiti."

Wazo la kwanza lilikuwa kuweka ukurasa wa maelezo mwanzoni. Lingeua siri kwa wanaojua na kuwachosha wasiojua. Badala yake mbuzi ya nazi imepandwa kwenye picha tangu ukurasa wa 4: nyuma ya mlango, nzima, bila kutajwa. Ukurasa wa 6 kuku amesimama juu yake. Ukurasa wa 9 meno yake yanang'aa kwa mwanga wa dirisha. Asiyeijua anaizoea kama kitu cha nyumba hiyo, na akisomewa mara ya pili anainyooshea kidole kabla ya Bibi. Kusomwa mara ya pili ndiko kipimo cha kitabu cha picha.

Bibi mmoja aliyekuwa akisikiliza pembeni alipata kosa jingine. Kwenye mchoro wa 28, tui la kwanza lilikuwa linamiminwa mwanzo wa kupika. Tui jepesi, la pili, ndilo linalotangulia chunguni. Lile zito huingia mwishoni, na hukorogwa pole kwa pole lisikatike. Mchoraji alibadilisha bakuli, akapaka maji ya tui la 28 hafifu na la 29 zito.

Wiki ya 9 hadi ya 14: picha

Picha zinachorwa kwa asilimia 125 ya ukubwa wa kuchapwa, yaani sentimita 50.75 kwa 25.75 pamoja na ziada, kwa rangi za maji kwenye karatasi ya gramu 300. Karatasi nyembamba zaidi inajikunja ikilowa, na skana inasoma vivuli vya mikunjo kama madoa.

Mtindo wa Tingatinga ulijadiliwa, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zenye mng'ao. Wanyama wake wangemfaa mbuzi. Lakini ule mng'ao unarudisha mwanga wa skana, na mandhari yake bapa haina nafasi ya nyuma ya mlango, ambayo ndiyo hadithi yenyewe.

Weupe ulikuwa mtihani. Nazi ni nyeupe, tui ni jeupe, wali ni mweupe, na karatasi nayo. Kwenye picha za kwanza nazi iliyokunwa ilipotea kabisa, beseni likaonekana tupu. Sasa kila mfunguo unapakwa kwanza rangi nyepesi ya udongo, na weupe wa karatasi unaachwa sehemu tatu tu: nazi, tui, na baka kwenye paji la mbuzi. Hata mwanga wa mlangoni ni manjano.

Kanga ya Bibi inaonekana kwenye mifunguo 12. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina hukaa juu ya pindo la chini, katikati. Ya kwetu inasema SEMA NAMI TARATIBU. Mchoraji aliishona kweli kwa kitambaa cha karatasi, akaivisha chupa, ili aone pindo linavyogeuka Bibi akiinama. Kabla ya hapo jina lilikuwa linaonekana begani ukurasa mmoja na kiunoni unaofuata, na watoto huona mambo hayo kuliko wahariri.

Tatu hashiki chuma cha mbuzi kwenye picha yoyote. Akipanda mbuzi ya nazi kama farasi, ukurasa wa 26, Bibi amefunika meno kwa kifuu.

Wiki ya 15: skana na rangi

Skana ni ya A4, kwa hiyo kila picha inasomwa vipande vitano au sita vinavyopishana, kwa nukta 300 kwa inchi. Picha ikipunguzwa kufikia ukubwa wa kuchapwa, nukta zinasongamana na kufika 375, na 300 ndizo zinazohitajika. Kipande kigeuzwe upande mmoja siku zote. Kikigeuzwa kichwa chini, mwanga wa skana unaanguka upande wa pili wa mikwaruzo ya karatasi na maungio yanaonekana.

Maneno yamepangwa kwa fonti ya Andika ya shirika la SIL, iliyosanifiwa kwa wanaojifunza kusoma, na *a* yake inafanana na ile ambayo mtoto anaandika kwa mkono. Ukubwa ni pointi 22.

Wiki ya 16: prufu ya kwanza

Ngozi za Bibi na Tatu zimetoka za majivu. Programu ilipogeuza picha kwenda rangi nne za mashine, iliupata weusi wa ngozi kwa kumwaga wino mweusi, nao unaua wekundu. Marekebisho: nyeusi imeshushwa chini ya asilimia 20 kwenye ngozi zote, na kiza kimejengwa kwa majenta na njano, samawati kidogo juu yake. Prufu ya ukurasa mmoja iliyorudiwa ina joto.

Kurasa za katikati zimesukumwa nje kwa karibu milimita moja, kawaida ya karatasi nane za gramu 150 zilizokunjwa pamoja. Baada ya kukatwa, neno "Abee" lilibaki milimita 4 tu kutoka ukingoni. Maneno yote yamerudishwa ndani hadi milimita 12.

Mbuzi wa ukurasa wa 19 ana macho ya paka. Mboni ya mbuzi imelala mlalo kama mlia, na mchoraji aliipata sawa kwenye kurasa nyingine zote isipokuwa huo mmoja, ambao uso ndio mkubwa kuliko wote na hauna maneno hata moja. Unachorwa upya.

Yaliyobaki: namba ya ISBN (ya kukitambulisha kitabu), kisanduku cheupe cha msimbo wake cha sentimita 3.7 kwa 2.6 kwenye jalada la nyuma (kwa sasa kimeangukia mkia wa mbuzi), na mfunguo wa 30 na 31, ambapo mbuzi anakula machicha ya nazi iliyokunwa kwenye mbuzi. Machicha yamechapwa rangi moja na beseni.